Filimbi ya Nusu ya Pili

Jumamosi tarehe 13 Agosti 1994 ilipotea santuri moja ndogo, nyeusi, isiyo na jina. Ilipotea kutoka chumba cha mashine cha jumba la sinema nililokuwa nafanyia kazi hapa Mwanza, siku mwenye jumba alipomkabidhi funguo mfanyabiashara wa mitumba. Watu wa pikapu walikuja kutoa vyombo. Mimi nilikuwa kwenye ngazi, nimeshika mguu wa projekta, na mguu wa projekta ukishaushika huwezi kuangalia kitu kingine. Nilipopanda tena, chumba kilikuwa kitupu. Boksi la santuri lilikuwa limekwenda na vyuma chakavu. Hakuna aliyeiba.

Vijana wa chumba cha sauti ambao nimewaachia kazi mwaka huu pale ukumbini waliniomba niwaandikie kazi ilivyokuwa. Vyeo sitaandika, kwa sababu nilianza nikiwa fundi na nimemaliza nikiwa fundi. Mshahara wanaujua, ndio wanaoupokea sasa. Nitaandika habari za santuri hiyo, na watu watatu walioitafuta kwa miaka bila kukubali kwamba ndiyo waliyokuwa wanaitafuta.

Nilikuja mjini kutoka Ukerewe mwaka 1978, nikiwa nimemaliza darasa la saba. Pale sinema nilipelekwa moja kwa moja juu, kwa Mzee Harun. Alikuwa mtu wa mjini, baba yake Mmanyema, mama yake sikuwahi kujua, na kabla ya sinema alikuwa akitengeneza cherehani. Nilimwamkia. Aliitika marahaba bila kuniangalia usoni, akaangalia mikono.

"Umekula nini mchana?"

"Samaki, Mzee."

"Rudi kanawe. Filamu haili samaki."

Nilinawa, nikarudi, akainusa mikono, akanirudisha tena. Siku hiyo ya kwanza sikugusa chochote zaidi ya sabuni. Ninyi leo mnafanya kazi mna chipsi mkononi na mitambo haisemi kitu. Filamu ilikuwa inasema. Kidole chenye mafuta kilionekana ukutani kikubwa kuliko mtu.

Taa ya projekta haikuwa balbu. Vilikuwa vijiti viwili vya makaa vinavyoelekeana, moto unaruka katikati, nawe kazi yako ni kuvisogeza kadiri vinavyoungua. Ukichelewa, picha inageuka njano, kisha kahawia, kisha watu wa viti vya mbele wanaanza kukutukana kwa jina. Mzee Harun alivua kofia mashine ilipowaka na kuivaa ilipozimwa. Kwa miaka yote hiyo sikumwona akitokwa jasho, na sijui alikuwa analipeleka wapi.

Filamu ndefu ilikuja katika magurudumu mengi ya mkanda, nasi tulikuwa na mashine mbili. Gurudumu moja linapokwisha unawasha mashine ya pili, na mtazamaji hatakiwi kujua. Mafundi wengine walisubiri alama ndogo inayotokea kwenye kona ya picha. Mzee Harun hakusubiri alama, kwa sababu macho yake yalianza kuingia ukungu mapema na hakutaka mwenye jumba ajue. Alitumia muziki. Alijua kila gurudumu linaisha na ala gani. "Vinanda vikipanda, weka mkono," aliniambia. "Ngoma ikiingia, washa." Hivyo nikajifunza filamu kwa masikio. Zipo ambazo mpaka leo naweza kuwaimbia muziki wake wote na siwezi kuwaambia nani alimuoa nani.

Filamu ninayotaka kuieleza ilikuja mara ya kwanza katikati ya miaka ya themanini. Ilikuwa ya Kihindi. Jina lake sitalitaja, kwa sababu hapa mjini hakuna aliyelitumia. Watu waliita "ile ya kivuko". Mama anamsindikiza mwanawe kwenye kivuko, mwana anaondoka, mama anasubiri. Katikati wanaimba, kama kawaida. Ilipendwa hivi kwamba wasambazaji waliileta tena kila mwaka, na mwisho wakaiacha kwetu kwa muda mrefu kana kwamba wameisahau. Jumapili mchana tukiipiga, akina mama walikuja na watoto, vitenge na karanga, na walianza kulia kabla ya mahali pa kulia, kwa sababu walishapajua.

Nakala ile ilikuwa na ugonjwa. Pembeni mwa filamu kuna mstari mwembamba, na mstari huo ndio sauti. Mashine inausoma kwa taa. Kwenye gurudumu la kwanza baada ya mapumziko, mstari ulikuwa umekwanguliwa na mashine mbovu ya mji mwingine. Picha ilikuwa nzima. Mama anashuka mtoni na mtungi, anaukalisha, anakaa kusubiri, hakuna anayesema neno. Lakini sauti ilikuwa kama dagaa wanaokaangwa. Mara ya kwanza tulipoipiga, ukumbi mzima ulicheka, na mama yule alikuwa amefiwa na mumewe.

Mzee Harun hakupenda. Tulikuwa na gramafoni ya kupigia muziki wakati wa mapumziko, imeungwa kwenye spika zile zile za ukumbini. Jumapili iliyofuata alitoa kwenye boksi santuri ndogo ambayo karatasi yake ya katikati ilikuwa imebanduka zamani. Ilikuwa ni filimbi ya mwanzi, na kingoma kidogo chini yake, basi. Nani aliipiga, nchi gani, hatukuwahi kujua. Mama alipoanza kushuka mtoni, Mzee Harun alishusha sauti ya filamu mpaka mwisho, akaweka sindano. Mama alipokaa chini na honi ya kivuko kulia, mahali ambapo mstari ulikuwa mzima tena, aliinua sindano na kurudisha sauti. Ukumbini hakuna aliyecheka. Nilichungulia kwenye dirisha dogo nikaona vichwa vyote vimetulia.

Tangu siku hiyo alifanya hivyo kila tulipoipiga. Alipoacha kazi mwaka 1993, macho yakiwa yamekwisha, nilifanya mimi. Hatukuwahi kuirekodi kwenye kaseti. Hatukuona sababu. Ilikuwepo kila Jumapili.

Sinema ilipofungwa nilikuwa mmoja tu kati ya wengi waliopoteza kazi. Soko lilikuwa limefunguliwa, video zikaingia kutoka Dubai, na kila mtaa ukapata kibanda chenye televisheni moja, mabenchi na jenereta inayokohoa nyuma. Mimi niliajiriwa kwenye duka la kurekodi kaseti karibu na stendi. Kazi ilikuwa kuchukua kaseti moja na kuifanya ishirini. Ilikuwa kazi safi, isiyo na joto, na hakuna aliyelia.

Jirani yetu alikuwa Seleman kinyozi. Kwa Seleman alikuwa akija Balele, dereva wa lori la pamba, kunyolewa na kubishana. Na kwetu alikuwa akija Nesi Modesta, wa zahanati moja, anayeishi Mkolani. Wote watatu walikuwa wa Jumapili mchana, viti vya nyuma kushoto. Siku moja Nesi aliingia akaomba kaseti ya ile ya kivuko. Nilimpa. Aliirudisha kesho yake.

"Fundi, hii ni nusu."

"Ni nzima, dada. Nyimbo sita."

"Nyimbo ninazo kichwani. Nataka muziki. Ule wa nyuma ya maneno. Ule wa sanduku, ule wa harusi ikivunjika. Nataka na ile filimbi ya nusu ya pili."

Seleman alikuwa mlangoni na mkasi mkononi. "Hata mimi naitaka," alisema. "Ile filimbi ndiyo filamu. Mengine ni watu wanakimbizana tu kwenye maua."

Niliwaambia hapo hapo. Nilisema filimbi ile haimo kwenye filamu, ni santuri ya Mzee Harun, na nikaeleza mstari, gurudumu na sindano kama nilivyoeleza hapa. Walinisikiliza mpaka mwisho kwa adabu.

"Kwa hiyo ninyi wawili," alisema Seleman, "huko juu, mlikuwa mnatunga filamu ya Wahindi."

"Hatukutunga. Tulifunika."

"Fundi Kulwa, wewe ni Mkerewe mwema, lakini sifa unazitafuta mbali."

Balele alikuwa na ushahidi wake. Aliwahi kuiona filamu ile Tabora, kwa nakala nyingine, na filimbi haikuwepo. Mimi nilidhani hapo ameshamaliza ubishi. Yeye alikuwa na maana nyingine. "Tabora wameikata!" alisema. "Wakaweka vinanda. Sijui ni wivu wa nini."

Nesi Modesta hakucheka nao. Alisubiri watoke, kisha akaniambia jambo ambalo sikuwa nimemuuliza. Mwanawe wa kwanza alikufa akiwa darasa la sita. Msibani alikuwa na kazi ya kupokea watu, akawapokea wote, macho makavu, mpaka mama mkwe akasema huyu ana moyo wa jiwe. Baada ya arobaini alikwenda sinema peke yake. Alilia hapo kwenye filimbi, gizani. Alirudi Jumapili nyingine, na nyingine. Alisema tangu sinema ifungwe amejaribu kulia nyumbani na imemshinda.

"Kwa hiyo usiniambie haipo," alisema. "Sema hujaipata."

Sikusema sijaipata, kwa sababu haikuwa kweli. Nilisema santuri imepotea, na pole. Alichukua mkoba wake akaenda.

Halafu Balele akaja na habari kutoka Dar es Salaam. Muuza kaseti mmoja wa Kariakoo alimwambia kwamba filamu za zamani sasa zinatolewa muziki wake wote, kaseti mbili kwa pamoja, hata ule wa nyuma ya maneno, na ile ya kivuko imo njiani. Sijui habari hiyo ilikuwa na ukweli kiasi gani siku hiyo, lakini wale watatu waliibeba. Balele akitoka safari alikuwa akipiga honi kuanzia Usagara, na akipita Mkolani aliipiga mara mbili kama hana kitu. Mara moja ndiyo ingekuwa na maana kwamba ameipata. Majirani wa Nesi wakazoea kuamshwa na kaseti isiyokuja.

Mwaka wa kwanza ilikuja moja. Kwenye karatasi ilikuwa imeandikwa kwamba ni kamili. Tuliiweka. Upande wa kwanza ulikuwa na nyimbo zile sita. Upande wa pili ulikuwa na nyimbo zile sita, zimeanza upya.

"Kweli ni kamili," Seleman alisema. "Hakuna iliyobaki."

Vijana, jambo moja la kazi hapa. Mteja akikwambia anatafuta sauti fulani, muulize aliisikia wapi, chumba gani, spika gani, na nani alikuwa kwenye mashine. Nusu ya sauti ambazo watu wanazitafuta hazikuwahi kutengenezwa na aliyeandikwa kwenye kava. Nimeliona mara nyingi tangu hapo, na mara zote nimesema ukweli, na mara zote haikunisaidia.

Kumaliza ubishi, Balele alisema twende kwa mwenyewe. Tulikwenda Jumapili moja, wote wanne, kwa Mzee Harun, Mabatini. Alikuwa amekaa kibarazani, kofia kichwani, macho meupe. Tulimwamkia mmoja mmoja naye akatutambua kwa sauti, akamwambia Balele gari lake linahitaji feni belti kwa jinsi lilivyokuja.

"Mzee," alisema Nesi, "tuambie wewe. Ile filimbi ya nusu ya pili ni ya filamu, au ni ya santuri kama anavyosema Fundi?"

Mzee Harun alifikiri. "Mlipoangalia, mlimwona mama yule akishuka mtoni?"

"Tulimwona."

"Na filimbi mliisikia wakati anashuka?"

"Tuliisikia."

"Basi sijui mnachogombania."

Seleman alinipiga bega. Balele akasema si unaona. Walipokwenda kunawa mikono kwa ajili ya chakula, nilimsogelea Mzee nikamuuliza kwa nini hakusema.

"Nimesema uongo wapi?" aliniuliza.

"Hakuna. Lakini hukusema."

"Watu walikuja kula, wewe unataka kuwapeleka jikoni wakaone sufuria."

"Wanaisubiri itoke Kariakoo, Mzee. Haitatoka. Yule Nesi anaisubiri kuliko wote."

 Aliniuliza kama ninaikumbuka. Nilisema naikumbuka. Akaniambia nianze, polepole, kwa pumzi. Nilianza, nikafika mahali inapopanda, nikakosea. Alinisahihisha kwa ulimi, akigonga goti ile sehemu ya ngoma. Nilirudia. Nilipopatia alisema, "Hapo," akaomba chai. Hatukuizungumza tena.

Alifariki mwaka 1996, mwezi wa Ramadhani. Tulimzika siku hiyo hiyo alasiri. Nilishika jeneza mbele kulia, kwa sababu ndugu zake walinipa nafasi hiyo bila mimi kuomba. Sitaandika zaidi. Niliporudi dukani nilikuta kaseti ishirini zimeshajirekodi na mashine inazunguka tupu, nikaizima.

Kaseti zenyewe zilikuja mwaka uliofuata. Balele alipiga honi mara moja kutoka Usagara mpaka Nyegezi na kutoka Nyegezi mpaka stendi, akaegesha lori mahali ambapo haliruhusiwi. Zilikuwa mbili, ndani ya kasha moja, zimefungwa nailoni, na safari hii hazikuwa za kudurufu. Kava lilikuwa na mama na mtungi. Ilikuwa Jumamosi mchana. Nesi Modesta alitoka zamu moja kwa moja akiwa na sare yake. Seleman alimwacha mteja kwenye kiti.

Niliweka ya kwanza. Ilikuwa kweli. Ilikuwa yote. Muziki wa sanduku ulipoingia Seleman alipiga kelele, "Sasa anafungua! Sasa anakuta barua!" Balele alimwambia nyamaza, kisha yeye mwenyewe akaanza kueleza harusi kabla haijavunjika. Vitu ambavyo tulivisikia miaka yote chini ya maneno ya watu sasa vilikuwa peke yake, safi, vipana. Mimi nilisikia mahali pa kuweka mkono, na mahali pa kuwasha, na mkono ulikwenda wenyewe mpaka nikaurudisha mfukoni. Nesi alikaa, mkoba magotini. Alikuwa anasubiri.

Kaseti ya kwanza ilikwisha. Seleman alikumbuka mteja wake, akakimbia kumalizia, akasema msianze. Nesi alisema anza.

Niliweka ya pili. Kulikuwa na mvumo kidogo, kisha vikaingia vinanda. Vilikuwa vinanda vingi, vinashuka polepole, vizuri sana, kazi ya watu wanaojua. Ulikuwa muziki wa mama kushuka mtoni. Ndio ulioandikwa kwa ajili yake, na Mwanza haikuwahi kuusikia hata siku moja. Ulikwenda mpaka mwisho na honi ya kivuko ikalia.

Balele aliangalia spika. "Hii ni ile ya Tabora," alisema.

"Ndiyo," nilisema.

"Kwa hiyo Tabora hawakukata."

"Hawakukata."

Sikuwaambia kwamba niliwaambia. Nilikuwa nimeingoja nafasi hiyo kwa miaka, na ilipofika haikuwa na ladha.

Nesi Modesta alisema nizime. Nilizima. Nje watu wa stendi walikuwa wanaita abiria wa Shinyanga. Aliuliza kama santuri ile ilikuwa na jina lolote. Nilisema haikuwa nalo. Aliuliza kama ipo nyingine mahali. Nilisema huenda ipo, lakini sijui mtu atamwomba nani, na kwa jina gani. Alitikisa kichwa kama anavyofanya zahanati mgonjwa akimaliza kueleza.

"Mzee aliijua," alisema.

"Aliijua."

"Na wewe?"

Nilisema ninaijua, alinisahihisha mwenyewe. Sikuwa nimewahi kuimba mbele ya mtu mwingine na sikuwa na hamu ya kuanzia dukani mchana. Lakini niliulizwa swali nami nikalijibu. Nilianza chini, kwa pumzi, kama alivyonielekeza. Baada ya kidogo Nesi aliingia. Hakunifuata mimi, alikuwa nayo yote, na mahali inapopanda alinitangulia. Balele alichukua sehemu ya ngoma juu ya meza ya kioo, akachelewa kidogo kila mara, lakini hakuacha. Nesi alikuwa analia, machozi yanafika kwenye kola ya sare, na hakukosea hata sehemu moja. Tulifika mwisho, mahali pa honi, na kwa kuwa hakuna aliyekuwa na honi tulinyamaza.

Seleman alikuwa amesimama mlangoni, wembe mkononi. Nyuma yake alikuwa mteja, shuka shingoni, kichwa kimenyolewa upande mmoja.

"Nimewaambia msianze," alisema Seleman.

"Ingia," Nesi alimwambia. "Na mgeni wako aingie."

Seleman alikaa juu ya kreti la soda. Mteja alibaki amesimama kwa sababu hapakuwa na kitu kingine cha kukalia, akauliza kuna nini. Balele alimwambia atulie. Nesi alijifuta uso kwa kiganja, akaniangalia, nami nikaanza tena kutoka mwanzo.